Kutoka Githaka hadi Ploti: Mashamba ya Ruiru na Thika

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika. Kwa hesabu hiyo Ruiru, ambayo wazee wa Kiambu wanaikumbuka kama kituo cha reli kilichozungukwa na kahawa, imekuwa mji wa nne kwa ukubwa nchini Kenya, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Watu wakisikia takwimu hizo husema kwamba mji umemeza mashamba. Usemi huo una ukweli wake, lakini unachukulia kwamba kabla ya mji kuja palikuwa na maisha ya mashambani ya tangu jadi, yaliyotulia yakisubiri kuvurugwa. Historia haikubaliani nao. Mashamba ya hapa yaliundwa, yakavunjwa na kuundwa upya mara kadhaa katika muda wa miaka 120, na kila mara swali lililoamua nani aishi wapi, na kwa hali gani, lilikuwa lile lile: mtu ana haki gani juu ya udongo anaoulima?

Tuanze na nchi yenyewe, kwa sababu mengi yaliyofuata yalitokana nayo. Mito ya Ruiru, Ndarugu, Thika na Chania hushuka kutoka milima ya Nyandarua ikielekea kusini-mashariki, na kati ya mto mmoja na mwingine umelala mgongo mrefu wa ardhi. Upande wa juu, magharibi, mvua inatosha na udongo ni mwekundu, wa volkeno, ulio na kina. Ukiteremka mashariki migongo inasawazika, mvua inapungua, na mahali pa udongo mwekundu panachukuliwa na udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Thika, iliyo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, iko pale hasa ambapo nchi hizi mbili zinakutana. Juu palifaa jembe. Chini, kuelekea nyanda za Athi, palifaa mifugo ya Wamaasai na makundi ya wanyamapori, na mbele zaidi ilikuwa nchi ya Wakamba. Mpaka huo wa asili ulikuwapo kabla ya serikali yoyote, na baadaye ndio ulioamua kahawa ipandwe wapi na mkonge wapi.

Katika karne ya 18 na ya 19, familia za Wakikuyu zilivuka mto Chania kutoka Murang'a na kuingia katika misitu ya kusini, nchi ambayo baadaye ingeitwa Kiambu. Murang'a ilikuwa imejaa, na kijana wa nyumba kubwa yenye wana wengi hakutarajia kurithi eneo la kumtosha. Ng'ambo ya mto palikuwa na msitu wenye rutuba na wenyeji wachache, wawindaji walioitwa Athi. Jinsi Wakikuyu walivyoipata ardhi hiyo ni jambo lenye ubishi. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter kuanzia 1932, ilipokusanya ushahidi, wazee wa Kiambu walishikilia kwamba waliinunua kwa mbuzi baada ya kufanyiana sherehe za undugu na Athi. Baadhi ya maofisa waliona kwamba Athi walimezwa tu, au walisukumwa pembeni. Msomaji akumbuke kwamba ushahidi huo ulitolewa wakati ambapo kuthibitisha ununuzi kulikuwa na faida ya kisheria, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa na sababu ya kuukuza na mwingine ulikuwa na sababu ya kuupuuza. Nionavyo, mbuzi walitolewa kweli, ndoa zilifungwa kweli, na mahali pengine mwenye watu wengi alimshinda mwenye watu wachache bila sherehe yoyote.

Kilichotokana na uhamaji huo ni githaka, yaani eneo la ardhi lililomilikiwa na mbari, ukoo mdogo uliotokana na yule aliyelifyeka msitu kwanza. Mzee mmoja, muramati, aliisimamia ardhi kwa niaba ya wenziwe, wala hakuwa na ruhusa ya kuiuza atakavyo. Lakini si kila aliyelima katika githaka alikuwa wa mbari hiyo. Palikuwapo ahoi, watu waliopewa mahali pa kulima kwa urafiki au kwa ombi tu. Muhoi hakulipa kodi ya ardhi. Alileta pombe, alisaidia kujenga, na aliongeza idadi ya mikono na mikuki. Katika nchi yenye ardhi nyingi na watu wachache, mpango huo uliwafaa wote wawili. Msomaji awaweke ahoi akilini, maana watarudi tena katika habari hii, na kila wakirudi hali yao itakuwa mbaya zaidi.

Miaka ya 1890 ilileta misiba kwa mfululizo. Sotoka iliua ng'ombe, nzige wakala mazao, mvua ikakosekana, na ndui ikaenea miongoni mwa watu waliokwisha kudhoofika kwa njaa. Kati ya 1897 na 1900 sehemu ya kusini ya nchi ya Wakikuyu ilipoteza watu wengi sana. Inafaa kuuliza kwa nini Kiambu iliumia kuliko Murang'a. Wengine husema ni ukame tu. Hata hivyo Kiambu ndiyo iliyokuwa kando ya njia ya misafara na ngome za Waingereza za Dagoretti na Fort Smith, na kwa miaka kadhaa ilikuwa imewauzia chakula wapagazi, askari na hatimaye vibarua wa reli. Ghala zilizouza akiba hazikuwa na kitu mvua ilipokosa, na njia ile ile iliyoleta wanunuzi ilileta pia ndui. Waliobaki hai wengi walivuka tena Chania kurudi kwa jamaa zao Murang'a. Mashamba yakaota vichaka.

Ni katika saa hiyo mbaya ndipo reli ilipofika. Njia kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na kumalizikia Kisumu mwaka 1901, baada ya kuigharimu hazina ya Uingereza zaidi ya pauni milioni tano. Reli haina faida bila mizigo, na Kamishna Charles Eliot aliamua kwamba mizigo hiyo italetwa na walowezi wa Kizungu. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ikampa uwezo wa kugawa ardhi iliyohesabiwa kuwa tupu. Kuanzia 1903 hivi walowezi walipimiwa mashamba kuanzia viunga vya Nairobi hadi Ruiru na Thika, na Wakikuyu waliokutwa wakilima ndani ya mipaka mipya walipewa fidia ndogo ya rupia kwa ajili ya mimea na vibanda vyao. Ardhi yenyewe haikulipiwa.

Je, ilikuwa tupu? Walowezi walisema hivyo kwa maisha yao yote, na tusidhani kwamba kila mmoja wao alidanganya. Aliyefika mwaka 1904 aliona vichaka kweli. Wakikuyu walijibu kwamba mwenye shamba aliyekwenda kutafuta chakula hajalitupa shamba lake. Tena ushahidi wa vichaka ulikuwa dhaifu hata bila njaa, kwa sababu mkulima wa githaka aliiacha sehemu ya ardhi ipumzike kwa miaka ili irudishe nguvu. Tume ya Carter, katika ripoti yake ya 1934, ilikubali kwamba baadhi ya mbari zilipoteza ardhi na ikapendekeza zifidiwe kwa maeneo mengine, lakini ikayafanya madai yote yaliyosalia kuwa yamekwisha. Ilikuwa njia ya kufunga faili, wala haikumaliza kesi.

Mashamba mapya yalifuata mpaka ule wa asili. Juu, katika udongo mwekundu wa Ruiru na magharibi ya Thika, walipanda kahawa. Chini, kuelekea Makuyu na nyanda kavu, walipanda mkonge. Mmarekani tajiri William Northrup McMillan alijipatia eneo kubwa sana Juja, na mwaka 1909 alimkaribisha huko Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani na kuja Afrika kuwinda. Thika yenyewe ilikuwa kivuko tu cha barabara ya Fort Hall, jina ambalo Murang'a ilipewa na wakoloni, pamoja na hoteli ya Blue Posts kando ya maporomoko. Mwandishi Elspeth Huxley aliletwa hapo akiwa mtoto kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kitabu chake cha mwaka 1959 ndicho kilicholitangaza jina la Thika duniani. Kinasomeka vizuri, ila kimeandikwa miongo minne baada ya matukio na kinamwona Mkikuyu kutoka barazani mwa mlowezi. Anayekitumia kama historia ya wenyeji atumie kwa uangalifu.

Mwaka 1913 njia ya reli kutoka Nairobi ilifika Thika. Katika maandishi ya serikali iliitwa tramu, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kupata idhini ya fedha za tramu kuliko za reli kamili. Walioitetea walitaja mahindi, maharagwe na watu wengi wa Fort Hall; waliofaidika zaidi ni wenye mkonge na kahawa. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi iliongeza muda wa mikataba ya ukodishaji kwa walowezi hadi miaka 999. Mtu aliyekodi shamba kwa masharti hayo alikuwa mwenye mali kwa kila hali isipokuwa jina.

Lakini shamba bila mikono ni pori. Hapa ndipo jamii ya mashambani tunayoitafuta ilipoanza kuchukua sura, na kwa hiyo tukae hapa kidogo. Mkikuyu wa Gatundu au wa Githunguri alikuwa na githaka chake ng'ambo ya mpaka wa shamba la mlowezi, katika eneo lililotengwa kwa Waafrika. Hakuwa na haja kubwa ya kibarua. Serikali ilimtengenezea haja hiyo. Kwanza ilimtoza kodi ya kibanda, iliyodaiwa kwa fedha taslimu. Kisha, kuanzia 1919 na 1920, ikamlazimisha kila mwanamume Mwafrika kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole na jina la mwajiri, ambacho kilivaliwa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mtu aliyeacha kazi bila ruhusa aliweza kufuatwa hadi kwao. Machifu nao walihimizwa, wakati mwingine kwa vitisho, kuwapeleka vijana mashambani.

Kahawa ilikuwa na matakwa yake. Kupalilia na kupogoa kulihitaji watu wachache mwaka mzima, na hao walijengewa vyumba vya safu ndani ya shamba. Wengi wao walitoka mbali, Ukambani au magharibi mwa Kenya. Msimu wa kuchuma ulipofika zilihitajika mamia ya mikono kwa wiki chache, kisha zisihitajike tena. Wachumaji hao walikuwa hasa wanawake na watoto wa migongo ya jirani, walioamka alfajiri, wakavuka mto, wakachuma matunda mekundu na kulipwa kwa debe. Debe lilipimwa na nyapara, na ugomvi juu ya debe lililojaa na lisilojaa ni wa zamani kama zao lenyewe. Kwa hiyo palikuwa na jamii mbili katika shamba moja: wageni walioishi ndani bila ardhi popote karibu, na wenyeji walioishi nje wenye ardhi isiyotosha. Tofauti hiyo itaonekana tena miaka hamsini baadaye mashamba yatakapouzwa.

Mwaka 1921 bei ya mazao iliporomoka na waajiri wa Kizungu wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Aliyejitokeza kupinga alikuwa Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, magharibi ya Ruiru, aliyekuwa mpiga simu wa serikali Nairobi. Kwa kawaida Thuku husimuliwa kama mwanasiasa wa mjini, na ni kweli kwamba wafuasi wake wa kwanza walikuwa makarani na watumishi. Malalamiko yake hata hivyo yalitoka mashambani: kipande, kodi, na wasichana waliolazimishwa na machifu kwenda kuchuma kahawa ya walowezi. Alikamatwa Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawakemea wanaume kwa uoga wao. Polisi wakafyatua risasi naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitaja vifo 21, wengine walihesabu zaidi. Ukijua nani alikuwa akichuma kahawa, hutashangaa kwamba siku ile sauti ya mwanamke ndiyo iliyosikika zaidi.

Kwa nini Mwafrika aliyeitunza kahawa hakuipanda kwake? Kwa miongo kadhaa hakupewa leseni. Walowezi walisema kwamba vishamba vidogo visivyotunzwa vingeeneza magonjwa, na kwamba mwizi wa kahawa angepata pa kuificha. Hoja ya magonjwa haikuwa ya kubuni: ugonjwa wa kuoza matunda ya kahawa uligunduliwa nchini Kenya mwaka 1922 na ulitisha kweli. Lakini serikali ilipoanza kuruhusu kahawa ya Waafrika kwa majaribio katika miaka ya 1930, ilichagua Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba makubwa, ikaiacha Kiambu. Kama hofu ilikuwa ugonjwa tu, Kiambu ingesimamiwa kwa urahisi kuliko Kisii, kwa kuwa wataalamu walikuwa karibu. Sababu iliyobaki ni vibarua, kwani mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya jirani.

Wakati huo huo maeneo ya Waafrika yalizidi kubanwa. Watu waliongezeka, mipaka haikusogea. Katika mbari nyingi wazee walianza kuwakumbusha ahoi kwamba walikuwa wageni, na waliosoma au waliokuwa na fedha walinunua haki za wenzao na kuzipigania mahakamani. Mambo haya lazima yatangulie maelezo ya uasi wa Mau Mau. Mwaka 1954 daktari J. C. Carothers aliiandikia serikali kijitabu kilichoueleza uasi huo kama maradhi ya akili ya watu waliopoteza mila zao. Leo wanahistoria wachache humfuata. Wengi huangalia ardhi, ingawa wao pia hawakubaliani kama ugomvi mkuu ulikuwa kati ya Wakikuyu na walowezi au kati ya Wakikuyu wenyewe, wenye ardhi na wasio nayo. Ukiangalia kwa makini migongo ya Gatundu na Kandara utaona kwamba ugomvi wa kwanza uliuzaa wa pili.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya 1954 serikali iliwahamisha Wakikuyu kutoka nyumba zao zilizotawanyika juu ya migongo na kuwakusanya katika vijiji vyenye mahandaki na walinzi, ili wapiganaji msituni wakose chakula na habari. Hadi mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameingizwa katika vijiji zaidi ya 800 katika nchi yote ya Wakikuyu na majirani zao. Kabla ya hapo Mkikuyu hakuishi kijijini. Aliishi bomani kwake, akiona moshi wa jirani ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo kijiji, ambacho wageni wengi hukidhania kuwa umbo la asili la maisha ya mashambani Afrika, hapa kililetwa kwa amri na kwa mtutu wa bunduki. Vingine vilivunjika vita vilipokwisha. Vingine vilibaki, hasa kwa sababu wakazi wake hawakuwa na pa kurudi.

Hawakuwa na pa kurudi kwa sababu ya jambo lililofanyika wakiwa wamefungiwa. Mpango wa mtaalamu wa kilimo Roger Swynnerton, wa mwaka 1954, ulitaka kila familia iunganishiwe vipande vyake vilivyotawanyika kuwa shamba moja, lipimwe, lisajiliwe, na mwenyewe aruhusiwe kupanda kahawa. Kama kilimo, mantiki yake ilikuwa sahihi: mtu mwenye vipande vinane juu ya migongo mitatu hupoteza nguvu njiani, tena hawezi kupata mkopo. Kama siasa, ulikuwa na lengo la pili ambalo maofisa hawakulificha, nalo ni kujenga tabaka la wakulima wenye mali wasiotaka vurugu. Maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini kamati za ardhi zilipokaa, na ndani ya kamati hizo sauti kubwa ilikuwa ya waliokuwa upande wa serikali. Katika wilaya ya Fort Hall makosa na upendeleo vilikuwa vingi kiasi kwamba sehemu ya kazi ililazimika kurudiwa. Na ahoi? Daftari la ardhi lilikuwa na safu ya jina la mwenyewe, halikuwa na safu ya aliyekaribishwa. Haki iliyodumu kwa vizazi kadhaa ikatoweka bila kufutwa na mtu yeyote, haikuandikwa tu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengi walitarajia kwamba mashamba makubwa ya Ruiru na Thika yangegawanywa. Hayakugawanywa, na sababu zake zinaeleweka hata kama hazipendezi. Mipango ya makazi ya serikali, iliyogharimiwa kwa mikopo ya Uingereza, ililenga zaidi mashamba ya mchanganyiko ya Bonde la Ufa na Nyandarua. Mashamba ya kahawa, chai na mkonge yaliachwa mazima kwa hoja kwamba yaliingiza fedha za kigeni. Baadhi ya walowezi walibaki. Wengine waliuza kwa kampuni, au kwa Waafrika waliokuwa na uwezo na marafiki serikalini. Mananasi yalienea katika ardhi ya kaskazini ya Thika baada ya kampuni ya Kimarekani ya Del Monte kuingia katika miaka ya 1960, na mji wenyewe ukajaza viwanda vya nguo, ngozi, vyakula na hata kuunganisha magari.

Mtu wa kawaida aliyeitaka ardhi alibakiwa na njia moja, nayo ni kuchanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zilianzishwa kampuni na vyama vya ushirika vya kununua mashamba. Mtu alinunua hisa, mara nyingi kwa fedha za maziwa, mshahara au chama cha akina mama, na kampuni ikanunua shamba zima la kahawa kutoka kwa mwenyewe aliyekuwa akiondoka. Kwa muda baadhi ya kampuni ziliendelea kulima kwa pamoja. Lakini mwanahisa hakutaka gawio la kahawa, alitaka mahali pa kujenga. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliagiza kampuni hizo zigawe ardhi kwa wanahisa na kuwapa hati zao, na mashamba yakakatwa vipande, vingine vya robo eka na vingine vidogo zaidi. Sehemu kubwa ya mitaa iliyojaa watu kati ya Githurai na Ruiru ilizaliwa hivyo, kwa mchango wa watu wa vipato vidogo, wala si kwa ramani ya halmashauri. Hisa zilizouzwa mara mbili, vyeti vilivyopotea na wakurugenzi waliojigawia zaidi ya haki yao vimezipa mahakama kazi hadi leo.

Waliosahaulika katika ugawaji huo ni wale wa vyumba vya safu. Kibarua aliyezaliwa shambani, ambaye baba yake alitoka Ukambani au Kakamega miaka ya 1930, hakuwa na hisa wala githaka. Shamba lilipouzwa alihesabiwa pamoja na vyombo vya kazi, kisha akalipwa na kuondoka. Wengi wao hawakwenda mbali. Walihamia vibanda vya pembezoni mwa Thika na Ruiru, wakaendelea kwenda mashambani kila asubuhi, lakini sasa kutoka mjini.

Kahawa iliyobaki ilididimia, na hapa pana maelezo mengi yanayoshindana. Mavuno ya Kenya yalifikia kilele chake katika msimu wa 1987/88, karibu tani 130,000. Katika miaka ya karibuni yamekuwa yakizunguka tani 40,000 hadi 50,000. Wakulima huwalaumu viongozi wa ushirika na madalali. Wachumi hutaja Julai 1989, mpango wa kimataifa wa kugawana masoko ulipovunjika na bei ikaanguka. Wataalamu wa mimea huongeza gharama za dawa. Wote wana sehemu ya ukweli, lakini maelezo hayo yanaihusu Nyeri na Kirinyaga sawasawa na Ruiru, na huko kahawa bado inasimama. Kilichoitofautisha Ruiru ni bei ya ardhi, maana mwenye shamba hapa alikuwa na mnunuzi mlangoni. Katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru kwenyewe, wataalamu walitoa mwaka 1985 aina ya mbuni mfupi unaostahimili magonjwa, unaoweza kupandwa karibu karibu katika shamba dogo. Uliitwa Ruiru 11, na umepandwa sehemu nyingi za Kenya. Ulifika ukiwa umechelewa kuokoa kahawa ya mji ulioupa jina.

Tarehe 9 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua rasmi barabara kuu ya Thika, yenye takriban kilomita 50 na njia nane katika sehemu kubwa. Safari iliyokuwa ikila asubuhi nzima ikapungua kuwa chini ya saa moja. Ni kosa kusema kwamba barabara ndiyo iliyoleta mji, kwa kuwa ploti zilikwisha kukatwa miaka ishirini kabla, na Ruiru ilikuwa na watu wapatao 239,000 katika sensa ya 2009. Barabara ilizipa ploti hizo thamani ya ghorofa. Mashamba makubwa yaliyokuwa yamesalia yakaingia katika mipango ya miji mipya, na Tatu City imejengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Huku juu, kijijini Ndakaini, bwawa lililokamilika mwaka 1994 kwenye mto Thika linaupatia mji wa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, na huku chini machimbo ya Juja na Ndarugu yanauza mawe ya kuujenga.

Ndiyo maana ni vigumu leo kumwambia mgeni mashambani panaanzia wapi. Katika barabara moja ya Gatundu utamkuta mwalimu mstaafu mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na nepia iliyopandwa hadi ukingoni mwa barabara. Jirani yake ni mpangaji anayefanya kazi Nairobi na hajui jina la mbari iliyokuwa na mgongo ule. Afisa wa sensa humwandika mmoja kijijini na mwingine mjini, kulingana na mstari uliochorwa ofisini.

Suala la zamani kabisa bado liko wazi. Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na wakazi wa Kandara walikuwa miongoni mwa waliopeleka madai yao, wakitaka sehemu ya ardhi inayolimwa mananasi kaskazini ya Thika. Katiba hiyo hiyo ilikata muda wa ukodishaji kwa asiye raia usizidi miaka 99. Mkataba wa miaka 999 ulioandikwa chini ya sheria ya 1915, kama uko mikononi mwa mgeni, sasa huhesabiwa kuwa wa miaka 99 tu kuanzia tarehe 27 Agosti 2010, Katiba ilipoanza kutumika.